Kicheko Kilichokatwa

Tulimwita Shehe, na shehe hakuwa. Pale msikitini Tengeru alikuwa mtu wa safu ya nyuma, na wenzake walisema hotuba ya Ijumaa ikirefuka kidogo tu utamkuta kidevu kimegusa kifua. Kazi yake ilikuwa bucha, kibanda cha mbao kwenye njia panda ya kwetu, mwendo wa kupanda kutoka Tengeru, chenye gogo moja, ndoano za kutundikia na mizani ambayo kila mteja aliituhumu. Lakini kijiji cha Walutheri hakiwezi kumpata Mwislamu mmoja mwenye kisu halafu kikamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Akawa Shehe. Mkewe akawa Mama Shehe. Hata mbwa aliyeshinda mbele ya bucha akisubiri mifupa akaitwa mbwa wa Shehe, na hilo lilimkera kuliko yote, maana aliapa kila siku kwamba mbwa si wake na hajawahi kumgusa.

Kwetu ng'ombe wa shughuli hakuangushwa mpaka Shehe afike. Iwe harusi, kipaimara, msiba au shukrani ya mtoto aliyemaliza chuo, mtu wa kwanza kuarifiwa baada ya mchungaji alikuwa yeye. Sababu haikuandikwa popote. Kila nyumba ilikuwa na mkwe wa mjini, fundi wa Kondoa, mwalimu mwenzake kutoka Tanga, na hao wote wangefika na wangetaka kula. Sisi nyama iliyochinjwa na Mwislamu tunakula, wao iliyochinjwa na sisi hawali, basi achinje yeye tule wote sufuria moja. Hakuna aliyeona kwamba amemnyenyekea mwenzake kwa hilo. Ilikuwa adabu tu, kama shikamoo.

Alifika asubuhi, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni, kisu kimeviringishwa kwenye gazeti, na neno lake la kwanza lilikuwa lile lile. "Mlima uko wapi leo?" Wote tulijua mlima uko wapi. Ukiwa kwetu, ukielekea Makka unaelekea Meru. Kwa hiyo kila ng'ombe wa Walutheri wa upande ule alikufa akiwa ameelekezwa mlimani, na wazee waliokumbuka mambo ya kabla ya kanisa walisema kimoyomoyo kwamba hata babu zao waliomba wakitazama huko huko. Siku za ukungu, mlima usipoonekana, Shehe alijifanya kuuliza kwa hofu kama haujahamia Moshi. Watoto tulimwonyesha kwa vidole, kila mmoja upande wake, naye alizunguka uani akilalamika kwamba Wameru wamepoteza mlima wao.

Mtu wa maneno alikuwa. Alikuwa na neno kwa kila kabila na kwa kila mlaji. Alisema mtu anajulikana kwa kipande anachoomba: mwalimu anaomba maini, mchungaji anaomba sehemu laini bila kuitaja, mwenye deni anaomba apimiwe haraka. Wachaga aliwaita watu wa mizani mbili. Waarusha aliwaita watu wa fimbo, na hakuwahi kununua ng'ombe kwa Mwarusha bila kumkagua masikio kana kwamba ameibwa. Sisi Wameru alisema tuna kinyongo cha mgomba, ukiukata hapa unachipua pembeni. Tulicheka, na aliyekuwa wa kabila linalosemwa alicheka kwa sauti zaidi ili asionekane ameumia. Sitaki nimfanye malaika. Ubaguzi alikuwa nao kama sisi, ila wake ulikuwa wa mdomoni, na kwa miaka mingi niliamini huo ndio wote duniani.

Na hakunywa kwenye vikombe vyetu. Kwenye sahani zetu alikula, lakini vikombe alisema vinanuka pombe ya ndizi tangu enzi za bibi yangu, na hakuna sabuni ya kuvitakasa. Mtu mwingine angechukia. Mama yangu alimnunulia kikombe cha bati cha bluu, akakitundika kwenye msumari pembeni mwa mlango wa jiko, na ole wake mtoto atakayekigusa. Kiliitwa kikombe cha Shehe. Mama alikisugua kwa majivu, peke yake, na alikuwa akisema kwamba mtu akikuambia anachokiogopa nyumbani mwako amekuheshimu, maana wengine wanakuja, wanakunywa, wakifika njiani wanatema.

Watu wa kwetu walimwita pia Mswahili, asipokuwepo. Bahari hakuwahi kuiona. Maji mengi aliyoyajua yalikuwa ya mto Usa wakati wa masika, na hayo aliyaogopa. Lakini Mwislamu kwetu ni Mswahili hata angezaliwa juu ya mawe, na Mswahili maana yake ni mtu wa kupita, mjanja, asiye na kwao. Alipotaka kununua kipande kidogo cha shamba ili aache kupanga, wazee walikaa wakazungumza, wakamwambia kwa upole kwamba ardhi ya mlima haiuzwi kwa mtu wa nje. Halafu wakamkumbusha kuwa Jumamosi kuna harusi, asichelewe. Hakuchelewa.

Ardhi aliyoipata kwetu ilikuwa ya kaburi. Mtoto wake wa kiume alikufa akiwa mchanga, wakati wa mvua, barabara imekatika na makaburi ya Waislamu yako mbali chini. Sisi tunazika kwenye mashamba yetu, naye shamba hakuwa nalo. Baba yangu, ambaye alikuwepo kwenye kile kikao cha kumnyima ardhi na alikubaliana nacho, alikwenda mwenyewe na jembe kwenye migomba yetu akachimba. Shehe akamwonyesha upande wa kumlaza mtoto. Mama akapanda isale kichwani, lile jani la kwetu la amani, ambalo ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukukatalia msamaha. Likashika, likawa kichaka. Baba hakuwahi kueleza ilikuwaje mtu anyimwe robo eka akiwa hai na apewe kaburi, na sidhani kama aliona kuna cha kuelezwa.

Binti yake Zuhura nilisoma naye. Alikuwa mzuri, na kaka yangu mkubwa, Elia, alimwona kabla yetu sote. Walipendana kwa siri ambayo kijiji kizima kiliijua. Elia alipopata ujasiri wa kwenda bucha na kusema, Shehe aliendelea kukata mbavu, kisha akasema, "Mwanangu, kula tunakula pamoja. Kuoana hapana. Binti yangu hataingia nyumba ya kitimoto." Elia akarudi nyumbani akitegemea baba atakasirika kwa niaba yake. Baba akasema Shehe amesema vizuri, maana na yeye hakutaka Mswahili mezani pake. Wazee hao wawili hawakuwahi kuelewana kwa jambo lolote kama walivyoelewana kwa hilo. Zuhura akaolewa mjini, Kijenge, na fundi magari. Elia akaoa binti wa mwinjilisti, akatulia, na baba alipofariki akarithi hadi kiti chake cha mzee wa kanisa. Nilidhani yamekwisha. Nilisahau maneno ya mgomba.

Sasa nifike kwenye ule utani. Shehe alikuwa na utani mmoja aliousema kila shughuli, ng'ombe akishalala, damu ikishatiririka kwenye shimo. Alifuta kisu kwenye majani ya mgomba, akanyoosha mgongo na kusema, "Kama si mimi, nyinyi mngekula vibudu mpaka Yesu arudi." Kibudu ni mzoga, nyama ya mnyama aliyejifia. Ni neno la kutapisha. Lakini lilikuja kwa sauti ile ile, mahali pale pale, na jibu la mama yangu lilikuwa linasubiri: "Na kama si sisi, ungemchinja nani wewe, kunguru?" Hapo uwanja mzima ulicheka. Utani wenyewe ulikuwa na miguu hiyo miwili, wa kwake na wa mama. Bila mmoja haukusimama.

Dunia ikabadilika wakati sisi tunaendelea kucheka. Huko mjini watu wakaanza kuhubiriana kwa vipaza sauti, huyu anamtukania yule kitabu chake. Simuni zikaja habari za mbali, huku wamechoma, kule wamepiga, picha zisizojulikana za mwaka gani. Vijana wetu waliokwenda kufanya kazi mjini walirudi wikiendi na swali jipya: kwa nini sisi, tulio wengi, tusichinje ng'ombe wetu wenyewe? Likafunguliwa bucha la pili njia panda, limechorwa msalaba mwekundu mlangoni. Shehe alilitazama akasema labda wanauza dawa. Mama alicheka, lakini niliona ameacha kucheka mapema.

Kipaimara cha mtoto wa kwanza wa Elia ndiyo ilikuwa shughuli ya mwisho ya Shehe, na mimi nilikuwepo, nimeomba ruhusa kazini Usa River, ambako nafungasha maua. Elia mwenyewe hakutaka kumwita. Mama ndiye aliyesema kwamba uani kwake hakuna ng'ombe atakayeanguka bila yeye. Shehe akaja, akautafuta mlima, akachinja, akafuta kisu, akasema utani wake. Mama akajibu kuhusu kunguru. Tukacheka wote, na Elia alicheka, nilimwona meno, kwa sababu kuna vitu mwili unavifanya kwa mazoea kabla moyo haujaulizwa.

Kijana mmoja wa kwaya alikuwa akirekodi kwa simu. Jioni yake Elia aliiweka ile rekodi kwenye kundi la usharika, na neno moja chini yake: Sikilizeni. Nami nilikuwa kwenye kundi. Nilifungua. Ilikuwa fupi. Shehe anasema, kama si mimi, nyinyi mngekula vibudu mpaka Yesu arudi, kisha kimya. Mama yangu hayumo. Kunguru hayumo. Kicheko chetu kimekatwa, na pale kilipokatwa sauti ya mtu yule niliyemjua tangu utoto ilisikika kama ya mtu anayetukana kanisa. Hata mimi niliyekuwepo nilihisi baridi.

Niliandika pale pale kwamba ni utani, kwamba sote tulicheka. Mtu akajibu kwamba mimi nimeolewa Usa, mambo ya huku niwaachie wenyewe. Nikampigia Elia. Akasema, "Mimi sijaongeza hata neno. Ni sauti yake mwenyewe." Na kweli hakuongeza.

Walikwenda bucha siku ya soko, asubuhi kweupe, wakati akinamama wanateremka na ndizi vichwani. Walikuwa vijana wengi, na kati yao walikuwemo ambao Shehe aliwachinjia ubatizo na kipaimara. Walivunja kibanda, wakaikanyaga nyama kwenye matope, halafu wakamshika mkono wa kulia wakauweka juu ya gogo lake. Hawakuukata. Waliuponda kwa kisogo cha shoka. Mmoja alimwambia, "Haya, tuone sasa utamchinjia nani." Elia hakuwepo. Alikuwa kikaoni kanisani, kikao cha maombi.

Polisi walikuja, wakauliza, na njia panda nzima ambayo ilikuwa imejaa watu ikawa haikuwa na mtu. Mama alikwenda kutoa maelezo na akataja majina. Aliambiwa uzee unachanganya nyuso. Kesi ikaahirishwa mara kadhaa, kisha ikawa haitajwi. Shehe na mkewe wakahamia Kijenge, chumba cha nyuma nyumbani kwa Zuhura, na mkewe hakumaliza mwaka. Mama alichuma isale kwenye lile kaburi la mtoto akampelekea. Alipokea kwa mkono wa kushoto, akamshukuru, akamwambia, "Wewe hukunikosea, mama. Aliyenikosea ndiye alete." Hakuna aliyeleta.

Tangu hapo kwetu kuna sufuria mbili, na zilifika kimya kimya. Vijana wa usharika wanachinja, wanageuza ng'ombe upande wowote. Kwa wageni Waislamu, kama wapo, hupikwa wali na maharage kwenye sufuria ndogo pembeni, na meza yao huwekewa karatasi iliyoandikwa WAGENI. Miaka ya mwanzo walikuwepo. Sasa meza mara nyingi ni tupu, na watoto wanaokua wanadhani ilikuwa hivyo siku zote.

Mama alipougua mara ya mwisho, alituita, Elia upande huu na mimi upande ule. Akasema, "Msiba wangu achinje Shehe. Sitaki watu wangu wale sufuria mbili." Elia akasema ndiyo, mama. Nilimsikia kwa masikio yangu. Siku aliyofariki nikashuka mjini hadi Kijenge.

Nilimkuta kibarazani, amepungua, Zuhura akishona ndani. Nilimwamkia, nikampa habari ya mama. Alilia bila kujificha. Nikamweleza alichousia mama. Aliutazama ule mkono wake, vidole vimekauka vimegeukia ndani, akasema, "Kushoto inafaa kwa mwenye udhuru. Nimeshauliza."

Nimeshauliza. Nilielewa kwamba miaka yote aliyokaa pale amekuwa akisubiri kuitwa, na kwa ajili ya siku hiyo alikwenda kwa wanaojua akauliza kama mtu aliyepondwa mkono na Walutheri anaruhusiwa kuwachinjia Walutheri kwa mkono mwingine. Zuhura alisimamisha cherehani. "Baba, huendi," alisema. "Nakwenda," akamjibu. "Nimeitwa."

Alikuja siku ya maziko, asubuhi, na gazeti lake kwapani. Ukungu ulikuwa umefunika kote. Alisimama pale uani, akafungua mdomo kuuliza mlima uko wapi, akaona. Ng'ombe alikuwa ameshatundikwa, nusu amechunwa, na vijana wenye visu walikuwa wakitazama chini. Nilimfuata Elia nyuma ya turubai nikamwuliza kama amemsahau mama hata kabla hajafukiwa. Akasema, kwa sauti ya taratibu aliyojifunza kanisani, "Mama alikuwa mgonjwa. Ningemkatalia vipi mgonjwa? Na hawa vijana ningewaambia nini?" Hakuwa amekasirika. Ingekuwa hasira ningejua pa kuishika.

Watu walimwamkia vizuri sana. "Shikamoo Shehe," huku na huku, hadi wale waliomshika mkono siku ile, sasa wana watoto wao. Marahaba, alijibu, marahaba. Baada ya kuzika wakamwongoza hadi meza ya WAGENI, akakaa peke yake. Niliingia jikoni kutafuta kikombe cha bluu. Msumari ulikuwepo, umetundikwa kalenda ya usharika. Nikampelekea maji ya chupa na sahani ya wali na maharage, nikakaa naye.

Alikula kidogo, kwa kushoto. Kisha akaniuliza, "Wewe siku ile ulikuwepo. Nilipowatania. Walicheka au hawakucheka?"

"Tulicheka, Shehe."

"Mama yako?"

"Alicheka, na akakujibu kuhusu kunguru."

"Na Elia?"

"Na Elia pia alicheka."

Alisukuma sahani taratibu. "Mimi nimekuwa nikijiambia labda hawakucheka," alisema. "Ile rekodi nimeisikiliza sana, haina kicheko. Nikasema basi nilikosa, nilisema kitu kibaya nisijue, hata Nabii Issa kwetu anarudi, kumkejeli siwezi, labda neno sikulitamka vizuri. Mtu aliyekosa anaomba radhi, yanakwisha. Nilikuja na hilo leo, nichinje, kisha niwaombe radhi." Akanitazama. "Sasa kama mlicheka, nitaomba radhi ya nini?"

Nilitamani kumdanganya kwamba nimekosea, kwamba tulinyamaza, ili apate kitu cha kurekebisha. Aliinuka, akachukua gazeti lake ambalo halikufunguliwa, akapita migombani kwenye lile isale. Alisimama hapo akisema dua yake. Elia alimsubiri kando ameshika mwavuli. Halafu akampa mkono, akamshukuru kwa kuja kutoka mbali, akamsindikiza hadi barabarani, kwa adabu zote, kama anavyosindikizwa mgeni.